Cheti cha Uhai cha Kabanga

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita nitasema kwa kifupi, ingawa hata ufupi wake unanichoma.

Jina langu ni Clément, lakini hapa mtaani Makomeno hakuna anayeniita hivyo. Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, mwanamume akipata mapacha jina lake la zamani linawekwa pembeni. Mimi ni Shambuyi, baba wa Mbuyi. Mke wangu Delphine ni Mwambuyi, mama wa Mbuyi. Mapacha wetu walikuwa wasichana: aliyetangulia kuzaliwa ni Mbuyi, aliyemfuata ni Kabanga. Walifanana uso, meno, hata namna ya kukohoa.

Walipokuwa na miaka sita, malaria iliwalaza wote wawili hospitali, kitanda kimoja. Niliyemrudisha nyumbani mgongoni alikuwa Mbuyi. Kabanga tulimzika.

Tulihama mtaa. Nikapata kazi mpya. Na siku ya kwanza ya kazi hiyo, mimi baba yake, nikamwandikisha Kabanga kama mtoto aliye hai.

Hapo ndipo nilipoishia. Najua wako waliotupa gazeti chini. Liokoteni, maana yaliyofuata ni mabaya zaidi.

Ninatunza depo ya Patron Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo. Mahindi yanafika kutoka Lukafu, samaki wa moshi kutoka Kasenga, mimi nahesabu magunia na kufunga mlango. Patron ni mkali lakini ana jambo moja zuri: wafanyakazi wake wote amewaandikisha kwenye Caisse, ile ofisi ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi.

Anselme, anayeshughulikia karatasi zetu, ndiye aliyenifundisha.

— Shambuyi, hii allocation familiale, pesa ya batoto, haiko zawadi ya patron. Ni haki ya mutoto. Kila mwezi patron analipa ku Caisse, na Caisse inarudisha kitu kidogo juu ya kila mutoto yako. Lakini mutoto haingie kule na kinywa. Anaingia na makaratasi.

Akanitajia makaratasi yenyewe. Cheti cha ndoa. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kilichotoka ofisi ya komini. Fomu yenye muhuri wa patron. Kisha kila mwaka, barua ya shule kuonyesha kwamba mtoto anasoma, na kile wanachokiita certificat de vie, cheti cha uhai.

— Na kama mutoto alikufwa?

Nilimuuliza hivyo, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu.

— Yee pia anatoka na karatasi. Unaleta acte de décès, cheti ya kifo, banamufuta. Uko na batoto ngapi?

Ningejibu nini? Shambuyi mwenye mtoto mmoja ni nani huyo?

— Babili, nikasema.

Anselme akaandika.

Vyeti vya kuzaliwa nilikuwa navyo vyote viwili, vimelala pamoja ndani ya Biblia. Cha kifo sikukifuata kamwe. Kwa barua ya shule, katibu aliona jina la Mbuyi, nikamwambia amwandikie na pacha mwenzake, akaandika bila kuinua kichwa. Cheti cha uhai kilichukua dakika tano pale komini, hakuna aliyeomba kumwona mtoto.

Mwaka wa kwanza ulikuwa uchungu. Naapa ulikuwa uchungu. Nilipenda kuona jina lake limeandikwa na mtu mwingine asiyejua. Mwaka wa tatu ulikuwa wizi, tusidanganyane. Delphine hakujua lolote.

Mwezi wa pili mwaka huu Mungu akatupa mtoto wa kiume, Ephraïm. Nilicheza pale uani mpaka majirani wakacheka.

Furaha ile ndiyo iliyofungua kaburi.

— Shambuyi, Delphine akaniambia akimnyonyesha, mwenzangu wa chorale ya kanisa anasema bwana yake anapataka allocation ya batoto yake yote. Ya Ephraïm utaomba lini?

— Nitaomba.

— Na ya mukubwa wake? Ulishaombaka?

— Bado.

Neno fupi kabisa. Lilitoka lenyewe.

Nikampelekea Anselme cheti cha Ephraïm. Akanipa mkono, akanipongeza, akafungua droo, kisha akakunja uso.

— Sasa kuko contrôle mupya. Ukiongeza mutoto, banafungua dossier yote. Batoto bote bapite ku guichet, ku dirisha ya Caisse. Banataka kubaona na macho.

— Bote?

— Bote. Ata Mbuyi, ata Kabanga. Shida iko wapi? Ni siku moja ya shule tu.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya lori la mahindi. Nikajiambia niende nikakiri. Nikaona gereza. Nikaona Patron Kasereka akinionyesha geti. Nikaona uso wa Delphine, na huo ndio ulionitisha kuliko gereza.

Ndipo shetani akanikumbusha kitu ambacho kila mtu alikuwa akikisema tangu walipozaliwa. Wanafanana.

Mtoto mmoja angetosha kwa majina mawili.

Nilimkuta Mbuyi amekaa kwenye ngazi ya nyuma akimenya karanga kwa ajili ya mchuzi. Ana miaka tisa sasa. Ni mtoto mpole, wa maneno machache. Tangu maziko amekuwa hivyo, nasi tulimwacha.

— Mama, nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita nikiwa na shida, juma hili tutaenda mjini mara mbili. Siku ya kwanza, madame atakuuliza jina, utasema Mbuyi.

— Ndiyo, papa.

— Siku ya pili utavaa robe, gauni lile la buluu. Akikuuliza jina...

Miaka mitatu jina lile lilikuwa halijatamkwa kwa sauti nyumbani kwangu.

— Utasema Kabanga.

Karanga zilisimama mkononi mwake. Akaniangalia kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

— Papa, naweza?

Nilidhani anaogopa dhambi ya kusema uongo.

— Unaweza. Mimi baba yako nimekuruhusu. Lakini mama yako asijue.

Akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona tabasamu lile.

Jumanne tulikuwa mbele ya dirisha la Caisse. Nyuma ya kioo alikaa Madame Émerance, mama wa makamo, miwani puani, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye meza.

— Unaitwa nani, mama?

Mtoto kimya.

— Usiogope. Sema jina yako.

Akatazama viatu vyake. Nikambonyeza bega.

— Anaitwa Mbuyi, madame, nikasema mimi. Iko na haya.

— Na mapasa mwenzake?

— Anaumwa. Nitamuleta Alhamisi.

Madame Émerance akaandika kitu kifupi pembeni mwa karatasi. Sikuweza kukisoma.

Njiani nilimfokea mtoto. Jina lake mwenyewe linamshinda? Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja.

Alhamisi alivaa robe ya buluu. Nilimbadilisha mtindo wa nywele kwa jirani anayesuka. Tulipofika kwenye foleni alikuwa ananivuta mkono, mimi ndiye niliyekuwa nazivuta nyuma hatua zangu.

— Na weye, unaitwa nani?

— Kabanga!

Alilisema kwa sauti kubwa hata watu wa nyuma yetu wakageuka. Alilisema akicheka. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea:

— Miye njo Kabanga. Niko wa pili. Mbuyi alitangulia, miye nikafwata.

Madame Émerance akavua miwani.

Sikuwa nimemfundisha maneno hayo. Sauti ile nilikuwa naijua. Mapacha wangu walifanana kila kitu, lakini Kabanga ndiye aliyekuwa mcheshi, Kabanga ndiye aliyeongea na wageni. Nilisimama mbele ya dirisha la serikali, saa nne ya asubuhi, jua limejaa ukumbini, nikamsikia mtoto wangu niliyemfukia kwa mikono hii akijitambulisha.

— Papa, Madame Émerance akasema polepole, batoto yako banafanana sana.

— Ni mapasa, madame.

— Nimeona mapasa mingi hapa. Banakuyaka pamoja, bameshikana mikono. Ya kwako juu ya nini bakuye moja-moja?

— Alikuwa mgonjwa...

— Jumatatu. Ulete bote babili. Pamoja, mbele yangu. Ukikosa, nafunga hii dossier na napandisha kwa chef, mukubwa wa ofisi.

Akafunga faili. Mtoto akampungia mkono. Yule mama hakumpungia.

Kufika nyumbani, Delphine alikuwa anafua nepi.

— Mbuyi! Kuya unishikie mutoto.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

— Mbuyi! Haunisikie?

— Mbuyi haiko, mama.

Delphine akaacha kusugua. Maji ya sabuni yakawa yanadondoka kutoka vidoleni.

— Unasema nini?

— Mbuyi haiko hapa.

Nikaruka. Nikasema ni michezo ya shule, watoto siku hizi. Nikamshika mtoto mkono nikampeleka nyuma ya nyumba.

— Imekwisha, nikamwambia. Jina lile ilikuwa la siku moja. Umesikia? Rudia jina lako.

— Ulisema naweza, papa.

— Rudia jina lako!

Ijumaa hakuitika. Jumamosi hakuitika. Ukimwita kwa ishara anakuja, anafanya kazi yote, anambeba mdogo wake vizuri. Ukimwita Mbuyi, ni kama unamwita mtu wa nyumba nyingine. Nikaanza kuketi mbali naye. Mtoto wangu mwenyewe, nilikuwa namwogopa. Akipita nyuma yangu nageuka. Chakula kilinishinda.

Nilijiambia Kabanga amerudi kudai. Nimemla miaka mitatu karatasini, sasa amekuja kuchukua mwili wa mwenzake. Mtanicheka, nyinyi mnaosoma. Mngekuwa nyumbani kwangu juma lile msingecheka.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba Delphine tubaki kanisani. Watu walipokwisha kutoka, nikapiga magoti mbele ya benchi, nikamwambia yote. Anselme, fomu, barua za shule, cheti cha uhai mara tatu, dirisha, robe ya buluu.

Nilingoja anipige. Nilingoja apige kelele. Alikuwa amemlaza Ephraïm begani, anampapasa mgongo, taratibu, hakuacha.

— Ku guichet, akasema mwishowe, mutoto alisema jina yake ni nani?

— Kabanga. Nilimwambia mimi aseme.

— Alisema namna gani?

Swali gani hilo?

— Alisema... akicheka.

Delphine akafumba macho.

— Kesho tunaenda bote, akasema. Miye, weye, batoto. Utasema ukweli mbele ya ule madame.

— Watanifunga, Mwambuyi.

— Tunaenda bote.

Nilimbusu mikono. Nilidhani amenisamehe. Nilidhani ananisindikiza kama mke anavyomsindikiza mumewe kwenye aibu yake. Sikuona kwamba yeye pia alikuwa amebeba kitu.

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu. Wababa na bahasha zao, wamama na watoto mgongoni, kila mmoja na vyeti vyake. Nilikuwa natazama watoto wale wote, wazima, wanakimbizana kati ya viti, nikaona haya ambayo sijawahi kuiona hata kilioni.

Zamu yetu ikafika. Madame Émerance akamwangalia mtoto, akatazama nyuma yake akitafuta wa pili.

— Muko na mumoja tu.

— Madame, nikasema, hakuna wa pili. Alikufa miaka mitatu iliyopita. Nilidanganya. Nilimtumia huyu mara mbili.

Nilisema kwa sauti. Mtu wa nyuma yangu akasema «Ee Mungu» na kurudi hatua moja.

Madame Émerance alishika kalamu yake. Kisha akafungua faili, akageuza karatasi moja baada ya nyingine, sahihi yangu kila mahali.

— Papa, sitaficha. Hii inapanda kwa chef. Yote ulipewa juu ya huyu mutoto utarudisha, na kama kuko tena mambo ya tribunal, ya mahakama, haiko miye najua. Lakini umekuya weye mwenyewe, na hiyo nitaiandika. Tuanze na kazi ya kwanza: kumufuta. Mutaenda komini kutafuta acte de décès, hapa najaza fomu ya déclaration. Jina ya mutoto mwenye alikufwa?

— Kabanga, nikasema.

— Hapana, akasema Delphine.

Aliongea kwa sauti ndogo. Nikadhani hataki jina lifutwe.

— Mwambuyi, ni lazima...

— Hapana, Shambuyi. Haiko Kabanga alikufwa.

Kalamu ikasimama.

— Kule hospitali miye nilikuwa nimeenda kutafuta dawa mujini. Weye njo uliingia wa kwanza. Uliinua shuka, ukatoka unalia Kabanga, Kabanga. Niliporudi nikamwona mwenye kulala pale ni Mbuyi. Miye niliwazaa, Shambuyi. Naweza kuwachanganya?

Nilimwona anaongea. Maneno yalikuwa yanachelewa kunifikia.

— Ulikuwa umemukamata huyu mwenye kupona, unasema: Mungu ameniachia Mbuyi wangu, Mungu ameniachia Mbuyi wangu. Mbele ya bantu yote. Ulikuwa hauli, haulali. Nikasema, acha wiki moja ipite, nitamwambia. Kisha bakaandika jina ku musalaba. Nikasema, acha mwezi. Na huyu mutoto ulimuita Mbuyi, akakuitika, sababu alikuona umecheka. Alikuwa na miaka sita! Akaniuliza: mama, nikisema miye ni Kabanga, papa atalia tena?

— Na wewe ulimjibu nini?

— Nilinyamaza. Nilikuwa na woga utamuchukia, sababu haiko ule mutoto ulikuwa unataka.

Ephraïm akaanza kulia. Delphine hakumtuliza.

Nikatazama chini. Mtoto alikuwa amesimama kati yetu, robe ya buluu, nywele zile zile. Hakuwa na kitu cha kutisha usoni. Alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyechoka. Akaingiza vidole vyake mkononi mwangu, kwa woga, kama anayejaribu maji kama ni ya moto.

— Papa, usikasirike. Mbuyi alitangulia kulala. Miye nilikuwa namuamsha.

Kumbe zile karatasi zote nilizotia sahihi nikijua ni uongo, zilikuwa kweli. Kabanga yu hai: kweli. Kabanga anasoma: kweli. Na mstari wa juu yake, wa Mbuyi, ule ambao sikuwahi kusita kuujaza, ule niliouandika kila mwaka kwa moyo mweupe, huo ndio uliokuwa na maiti.

Mbuyi wangu. Mtoto aliyenipa jina. Miaka mitatu yuko chini ya msalaba usio wake, na mimi sijamlilia hata siku moja.

Nikashika ukingo wa dirisha. Nyuma ya kioo, mlango wa ndani ulifunguliwa, mwanamume mwenye tai akatoa kichwa akauliza kuna nini. Madame Émerance akamwinulia mkono asubiri. Kisha akasogeza fomu karibu na uso wangu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mama wa mtu.

— Papa, niandike nani?